Mpira wa matairi chakavu kama malighafi: kuanzia katambuga hadi vigae vya mpira

Anayeingia kwenye kazi hii kwa mara ya kwanza hulitazama tairi kuukuu kama donge moja la mpira mweusi. Analikata popote, kisu kinakutana na waya, kisu kinaisha makali, na mwisho anabaki na vipande visivyofaa kitu. Tairi moja lina malighafi kadhaa zilizoshikamanishwa kiwandani: mpira mnene wa uso unaokanyaga barabara, mpira laini wa ubavu, ngozi nyembamba ya ndani inayozuia upepo, nyuzi za nailoni au poliesta, na waya za chuma. Kila moja ina kazi inayoifaa na kazi isiyoifaa. Fundi anayejua kuzitenganisha ndiye anayepata faida, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla ya kutengeneza chochote.

Kuna njia mbili ambazo karakana ndogo inaweza kuzifuata. Ya kwanza ni ya kisu: unakata mpira kama ulivyo na kuugeuza katambuga (viatu vya wazi vya matairi), kanda, washa au bushi. Ya pili ni ya chenga: mpira unasagwa, unachanganywa na gundi, kisha unakandamizwa ndani ya kalibu ili utoke kigae au mkeka. Ya kwanza inahitaji mikono na vifaa vichache. Ya pili inahitaji mtaji na nidhamu ya usalama.

Njia ya tatu wanayoiulizia vijana wengi, ya kuyeyusha tairi na kulimimina kwenye kalibu kama plastiki, haipo. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na salfa hubadilika kabisa: hauwi tena nata wakati wa joto wala mgumu wakati wa baridi. Salfa hufunga minyororo ya mpira, mmoja kwa mwingine, na vifungo hivyo havifunguki kwa moto wa kawaida. Yai likishachemka halirudi kuwa bichi, na tairi nalo ni hivyo hivyo. Ukilipasha moto kwenye pipa utapata moshi, mafuta machafu na masizi. Vipo viwanda vinavyovunja vifungo hivyo kwa mashine na kemikali maalumu, lakini hiyo si kazi ya uani.

Hatua ya 1: Kukusanya na kuhifadhi

Matairi hupatikana kwa mafundi wa pancha, kwenye gereji, na kwa wenye malori na mabasi. Kabla ya kuanza kurundika, ulizia kibali. Mamlaka za mazingira, NEMC kwa Tanzania na NEMA kwa Kenya, ndizo zinazosimamia ukusanyaji na uchakataji wa taka za aina hii, na halmashauri yako nayo itataka kujua unachokifanya. Ni rahisi kufuatilia haya ukiwa na matairi 20 kuliko ukiwa na 2,000.

Yahifadhi chini ya paa au funika kwa turubai. Maji ya mvua yakituama ndani ya tairi huwa mazalio ya mbu Aedes, anayeeneza homa ya dengi. Dar es Salaam ililipuka kwa dengi mwaka 2014 na tena 2019, na tairi lililoachwa wazi ni miongoni mwa mazalio ambayo mbu huyo huyapenda sana. Kama huna paa, toboa matundu chini ili maji yatoke. Gawa rundo katika mafungu madogo yenye njia kati yake, mbali na kuni, mtungi wa gesi na mahali pa kuchomelea vyuma, kwa sababu tairi huchelewa kushika moto lakini likishashika, kulizima ni kazi ya siku nyingi.

Usichome tairi ili upate waya. Najua wanaofanya hivyo wanatafuta riziki, na mnunuzi wa chuma chakavu haulizi waya umetokaje. Lakini moshi ule una sumu zinazokaa kwenye mapafu ya mchomaji mwenyewe na watoto wa jirani, na mpira wenye thamani kuliko waya unateketea wote. Waya hutoka kwa kisu, kama tutakavyoona.

Hatua ya 2: Soma ubavu wa tairi

Hapa usiwe na haraka. Maandishi ya ubavuni yanakueleza karibu kila kitu kuhusu kilichomo ndani.

Anza na namba ya saizi. Ukiona alama ya kistari, kwa mfano 7.50-16 au 9.00-20, hilo ni tairi la nyuzi: mwili wake umejengwa kwa matabaka ya nailoni yanayopishana mshazari. Ukiona herufi R katikati, kama 7.50R16 au 385/65R22.5, hilo ni tairi la waya, yaani redio (radial). Katika redio za magari madogo, waya za chuma zimejificha chini ya uso wa kukanyagia, ila ubavu kwa kawaida una nyuzi tupu. Katika redio nyingi za malori makubwa, chuma kimo kila mahali, hadi ubavuni.

Kisha tafuta maandishi madogo yanayotaja matabaka. Mara nyingi yameandikwa kwa Kiingereza, yakitaja idadi ya matabaka ya poliesta, ya chuma na ya nailoni, kwanza usoni na kisha ubavuni. Likiandikwa neno «steel» ubavuni, usiguse ubavu ule kwa kisu.

Mwishoni mwa mfuatano unaoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Umri una maana kwa sababu mpira uliokaa juani miaka mingi hukakamaa na kupasuka unapokunjwa. Kwa chenga za vigae si tatizo kubwa. Kwa kanda za viatu ni tatizo.

Ukishasoma, gawa matairi katika mafungu manne. Matairi ya nyuzi ya malori, trekta na matrela ni dhahabu ya njia ya kisu. Siku hizi yanapungua kwa sababu wenye malori wanahamia redio, kwa hiyo ukiyapata yatunze. Matairi ya bodaboda mengi nayo ni ya nyuzi, hayana chuma isipokuwa waya wa ukingoni. Ni membamba, yanafaa kwa kanda na soli nyepesi, na kila mji wetu unayo tele. Redio za magari madogo zina ubavu unaofaa kisu, na uso wake upeleke kwenye fungu la kusaga. Redio za malori zote zinakwenda kusagwa, na zinahitaji mashine yenye nguvu.

Tyubu ziweke peke yake. Zimetengenezwa kwa mpira wa butaili, unaozuia upepo vizuri na kunyumbuka sana, lakini haushikani vizuri na mpira wa tairi kwa gundi wala kwenye mchanganyiko. Zikate kanda ndefu za kufungia mizigo na uziuze hivyo.

Hatua ya 3: Kuosha na kufungua

Osha kwa maji, sabuni na brashi ngumu. Chomoa mawe, misumari na vipande vya chuma kwenye kashata, yaani vinundu vya uso wa kukanyagia. Jiwe dogo ulilolisahau litakula meno ya mashine au litavunja ncha ya kisu mkononi mwako. Matairi yaliyolowa mafuta au grisi kwa muda mrefu yaache: mpira wake huvimba na kulegea.

Kwa kukata unahitaji kisu kifupi cha fundi viatu chenye mpini imara, jiwe la kunolea lililo karibu muda wote, ndoo ya maji ya sabuni, koleo, na glavu nene kwa mkono usioshika kisu. Kisu kikavu hung'ang'ania kwenye mpira. Kilicholowa maji ya sabuni huteleza. Chovya kila baada ya mikato michache.

Toboa ubavu kiasi cha vidole vitatu kutoka ukingo unaokaa kwenye rimu, mahali ambapo waya mnene umeishia. Kata kwa kuzunguka, ukivuta kisu upande usioelekea mwili wako, huku msaidizi akiupanua mkato kwa koleo. Mpira uliovutwa hukatika upesi, uliolegea hukikwepa kisu. Rudia upande wa pili. Sasa una pete mbili zenye waya, ambazo waya wake unauza kama chuma chakavu bila kuchoma chochote. Kisha tenga mbavu na uso kwa kukata kwenye bega la tairi. Baki na mkanda mmoja wa duara, ukate mara moja kwa upana, na uutandaze.

Hatua ya 4: Njia ya kisu

Katambuga, ambazo Kenya huitwa akala, ndizo bidhaa ya kwanza ninayoshauri mtu aanze nayo. Wafugaji wa Kimaasai wamezivaa vizazi na vizazi kwa sababu mwiba wa mgunga haupiti soli yake, na ndiyo bidhaa itakayokufundisha tabia ya mpira kuliko nyingine yoyote.

Chora nyayo kwa chaki upande wa ndani wa mkanda, urefu wake ukifuata mzunguko wa tairi, ili mkunjo wa asili uinue vidole na kisigino kidogo. Ukichora kwa upana, soli itajikunja pembeni na mvaaji atayumba. Tairi la 7.50-16 lina mzunguko wa takriban mita 2.5, hivyo utapata nyayo nane za sentimita 30, yaani jozi nne. La 9.00-20 lina mzunguko wa zaidi kidogo ya mita 3 na ni pana zaidi. Ukizilaza nyayo katika safu mbili, kichwa kwa mkia, unakaribia jozi kumi kwa saizi za kati.

Soli nzuri ina unene wa milimita 10 hadi 15. Tairi la lori mara nyingi ni nene kuliko hapo, kwa hiyo lipunguze kwa kuchana matabaka: fungua pembe moja kwa kisu kati ya tabaka na tabaka, shika ngozi ya juu kwa koleo, vuta taratibu huku ncha ya kisu ikigusa pale panapoachana. Kazi hii huchosha mikono. Usiifanye ukiwa umechoka, maana hapo ndipo mafundi wanapojikata.

Kanda zikate kutoka ubavuni, upana wa sentimita 2 hadi 3. Kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii: mwelekeo wa nyuzi. Katika ubavu wa redio ya gari dogo nyuzi zinatoka ukingoni kwenda begani, hivyo kanda iliyokatwa kwa kuzunguka haina uzi unaoishika kwa urefu, na baada ya wiki chache italegea. Ubavu wa tairi la nyuzi una matabaka yanayopishana, kanda yake inashika zaidi. Kabla ya kukata mia, kata moja, ivute kwa nguvu zako zote, iache, pima kama imerudi urefu wake.

Kwa kufunga kanda, laza soli juu ya gogo, piga tundu kwa tindo, umbali usiopungua sentimita moja kutoka pembeni, na tundu liwe fupi kuliko upana wa kanda kwa milimita mbili au tatu. Chonga ncha ya kanda iwe nyembamba, ipenyeze kutoka juu, ivute kwa koleo kutoka chini. Mpira utaibana wenyewe. Mkia unaobaki ulaze kwenye mfereji kati ya kashata ili usisuguane na ardhi, ukazie kwa msumari mfupi, na ncha ya msumari uipinde irudi ndani ya mpira. Pitisha kiganja juu ya soli kabla ya kuifikisha kwa mteja. Ncha moja ya msumari iliyojitokeza itakupotezea mtaa mzima.

Ukitaka kuongeza ngozi au kitambaa juu, gundi ya viatu itashika tu kama utaandaa uso. Mpira wa tairi una nta iliyowekwa kiwandani kuulinda usipasuke kwa ozoni ya hewani, na ngozi ya ndani ni ngumu kushika gundi. Ichane ngozi hiyo uiondoe, sugua kwa tupa au msasa hadi weusi mng'avu uishe, futa vumbi, paka gundi pande zote mbili, subiri hadi isinate kidoleni, kisha gandamiza kwa nyundo. Umaliziaji wa namna hii ndio unaofungua masoko. Addis Ababa, kampuni ya soleRebels iliyoanzishwa mwaka 2004 na Bethlehem Tilahun Alemu ilifika maduka ya nje ya Afrika kwa viatu vyenye soli za matairi.

Washa za paa, vizuizi vya milango, pedi za chini ya mashine zinazotetemeka, vyote hivi hutoka kwenye mabaki. Bushi za magari nazo hutengenezwa hivi, lakini nina msimamo: usitengeneze kipande chochote cha usukani au breki kwa mpira wa tairi. Huna kipimo cha kukuambia kitakatika lini, na atakayejua wa kwanza ni dereva.

Hatua ya 5: Njia ya chenga

Hapa tunatengeneza vigae vya mpira vya mazoezi, korido na maghala, au mikeka ya kulalia ng'ombe wa maziwa wanaofugwa ndani. Usianze kwa kununua mashine ya kusaga. Nunua kwanza chenga zilizo tayari kwa anayesaga, tengeneza vigae, uza, ndipo ujue kama soko lako linabeba mtaji huo. Laini kamili ya kusaga ina shreda (mashine ya kuchana matairi vipande), kinu, sumaku za kunyonya waya na chekeche zenye upepo za kutoa nyuzi. Hula umeme mwingi, na visu vyake huisha.

Unaponunua, chukua chenga za milimita 1 hadi 4. Pitisha sumaku ndani ya gunia. Ikirudi na ndevu za waya, kataa mzigo. Fumbata konzi moja: zisishikane, zisiwe na unyevu, zisiwe na pamba nyingi ya nyuzi. Unga laini wa chini ya nusu milimita una eneo kubwa la kupakwa, kwa hiyo hunywa gundi nyingi bila kukupa kigae bora zaidi.

Gundi inayotumika ni poliyurethani ya sehemu moja, inayokomaa kwa unyevu wa hewa. Tumia kilo 8 kwa kila kilo 100 za chenga kama pa kuanzia. Chini ya 5 kigae humomonyoka pembeni. Juu ya 10 kwa kigae cha kukandamiza unatupa pesa, kwa kuwa gundi ndiyo gharama kubwa.

Gundi hii ina aisosayaneti. Mvuke wake na mguso wake vinaweza kuanzisha pumu isiyopona, na mtu akishapata mzio huo hawezi tena kukaribia kazi hiyo maisha yake yote. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke. Vaa ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, glavu za naitraili, miwani na mikono mirefu, na ufanye kazi mahali penye upepo unaopita. Kama huwezi kuwanunulia wafanyakazi vifaa hivi, baki kwenye njia ya kisu.

Sasa hesabu ya kigae kimoja. Kigae cha sentimita 50 kwa 50, unene sentimita 2.5, kina ujazo wa lita 6.25. Uzito unaolengwa ni karibu kilo 900 kwa mita ya ujazo, hivyo kigae kitakuwa na kilo 5.6: chenga kilo 5.2 na gundi gramu 420. Kwa kukadiria, tairi moja chakavu la gari dogo, likishatolewa waya na nyuzi, linatoa chenga za kigae kimoja hivi.

Chenga zikiwa huru huchukua karibu mara mbili ya nafasi zitakayoichukua zikishakandamizwa. Kwa hiyo kuta za kalibu ziwe na kimo kisichopungua sentimita 6, na kifuniko cha bamba la chuma kiingie ndani yake badala ya kukaa juu. Wengi hutengeneza kalibu ya kimo cha kigae, wanashindwa kuijaza, na vigae vinatoka vyepesi vinavyochanika kwa mkono.

Paka kalibu dawa ya silikoni au nta ili kigae kisigande. Pima chenga kwa mizani, usitumie ndoo kama kipimo. Ziweke kwenye mashine ya kuchanganyia, mimina gundi polepole ikiwa inazunguka, na endelea dakika 3 hadi 5 mpaka kila punje ing'ae. Usichanganye zaidi ya unachoweza kukijaza ndani ya dakika 20, hasa pwani, ambako joto na unyevu huiharakisha gundi. Jaza pembe kwanza, kisha katikati, sawazisha kwa ubao, funika.

Mwenye presi ya joto hukandamiza kwa nyuzi 110 hadi 140 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 15 kwa unene huu. Asiye nayo hutumia jeki ya lori ndani ya fremu ya chuma, anakandamiza hadi alama ya sentimita 2.5, anafunga kalibu kwa bolti, na kuiacha imefungwa saa 24. Bolti zisifunguliwe mapema. Mpira uliobanwa unataka kurudi, na gundi isiyokomaa haitauzuia. Ukitoa kigae, kiache siku kadhaa kivulini kabla ya kukiuza.

Chenga zenye maji hufanya gundi itoe mapovu, na ukikata kigae utaona vishimo ndani kama mkate. Dawa yake ni kuzianika vizuri. Rangi ya unga ya sakafu inaweza kutumika, ila weusi wa mpira hushinda rangi nyingi. Nyekundu iliyoiva na kijani kizito ndizo zinazosimama. Inapotumika rangi ongeza gundi kidogo, maana nayo huinywa.

Mahali pa kutotumia

Usitengeneze kwa mpira wa tairi chombo cha chakula, cha maji ya kunywa au kitu cha kutafunwa na mtoto. Tairi lina zinki, masizi na mafuta yenye kemikali za kundi liitwalo PAH, ambazo hazikukusudiwa kugusa mdomo. Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 2022, umeweka kikomo cha miligramu 20 kwa kilo kwa jumla ya kemikali nane za kundi hilo kwenye chenga za viwanja na sehemu za watoto kuchezea, kwa hiyo mnunuzi wa kutoka huko atakudai cheti cha maabara. Kwa viwanja vya watoto hapa kwetu fikiria pia jua: kigae cheusi saa saba mchana kinaunguza nyayo, kwa hiyo kiwekwe penye kivuli.

Kupima kigae kabla ya kutangaza bei

Chukua kigae kimoja katika kila fungu ulilochanganya. Kipime uzito: kikipungua zaidi ya gramu 200 chini ya lengo, kalibu haikujazwa. Kikunje hadi pembe mbili zikaribiane na utazame mgongo wake kama unapasuka. Sugua ukingo kwa kidole gumba mara nyingi: punje zikidondoka, gundi ni kidogo au haikuchanganyika. Kiloweke kwenye maji usiku kucha, kikaushe, rudia kukikunja. Andika tarehe, uzito wa chenga, uzito wa gundi na hali ya hewa ya siku ile kwenye daftari, na namba ya fungu iandike mgongoni mwa kigae, ili mteja akirudi na malalamiko ujue ni mchanganyiko upi wa kurekebisha na ni vigae vipi vingine vya fungu hilo vya kwenda kuvibadilisha.